Maji ya kwangu yameangusha ukuta wa jirani: nifanye nini kabla ya vuli?

*Swali: Kaka mhandisi, habari za kazi. Nina nyumba Kinyerezi, Dar es Salaam, kiwanja cha mita 20 kwa 30 kwenye mteremko. Mwaka juzi nilichoka na tope, nikatandika pevingi (vitofali vya zege) uwanja mzima. Masika iliyopita maji yalitoka kwangu kwa kasi, yakapita chini ya geti na kuangusha kipande cha ukuta wa mzee wa chini yangu. Amenipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi nasema mitaro ni kazi ya serikali, yeye anasema maji ni yangu. Nani ana haki? Na nifanye nini bila kuuza gari?*

Dada, nianze na lile litakalokuudhi: mzee ana haki kuliko wewe. Maji hufuata mkondo, na kiwanja chako kiko juu ya chake tangu siku mlipopimiwa. Hilo halina wa kulaumiwa. Ila kabla ya pevingi maji yalikuwa yakimfikia kwa kuchelewa, mengine yakizama njiani. Sasa yanamfikia karibu yote, tena kwa mkupuo. Mtaro wa barabara ni kazi ya serikali, kweli. Lakini hakuna mtaro wa mtaani uliochimbwa kwa kudhani kwamba kila nyumba itamwaga yote iliyo nayo ndani ya nusu saa.

Tufanye hesabu, nayo ni moja tu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati usilipime kwa kufuata mwinuko wake. Pima eneo linalolifunika chini, pamoja na pale linapotokeza nje ya kuta, kama kivuli cha jua la utosini. Sijaiona nyumba yako, lakini kwa kiwanja cha ukubwa huo nitakisia bati la mita za mraba 180 na pevingi mita za mraba 250. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaposema mvua kubwa inamaanisha inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa milimita 50 bati lako linashusha lita 9,000, na pevingi inakusanya lita 12,500. Ondoa kidogo kinachobaki kwenye nyufa na kukauka, bado unayo maboza (magari ya maji) mawili ya lita 10,000. Kiangazi unalisubiri boza moja kwa simu tatu na maneno matamu, kisha ikija mvua unammwagia mzee wa watu mawili kwa alasiri moja.

Wala kwake si mwisho wa safari. Kinyerezi iko upande wa juu wa bonde la mto Msimbazi. Maji ya huko hushuka mabonde ya Tabata na Vingunguti, yakapita Kigogo, yakatanda Jangwani, ndipo yaende baharini pale Daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi tangu hapo, na sasa kuna mradi mkubwa wa bonde lile, uliopewa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022. Ni kazi inayohitajika, siipingi. Ila daraja na kingo za mradi huo pale Jangwani zinapokea maji yaliyokwisha kukusanyika. Kuyazuia yasikusanyike kunaanzia huko milimani, na milima hiyo yote imejaa nyumba za watu binafsi kama wewe na mimi.

Unaweza kuuliza nyumba moja itasaidia nini. Mji wa Portland, Marekani, kati ya 1993 na 2011 uliwashawishi wenye nyumba waondoe mabomba ya paa yaliyokuwa yakimwaga kwenye mfumo wa maji taka, wayaelekeze bustanini. Mabomba zaidi ya 56,000 yalikatwa, na ilikuwa kazi ya msumeno na kiwiko cha bomba tu. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: katika miji mingi mwenye nyumba hulipia kwa mwaka kila mita ya mraba aliyoifunika ikawa inamwaga kwenye mtaro wa mji. Kwa kiwango hicho pevingi yako ingekuwa inakuletea bili.

Sasa tuingie kazini. Kabla hujamwita fundi, subiri mvua moja, vaa makoti, toka nje na mwavuli. Nazungumza kwa uzito. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambapo mwenyewe amechimba mfereji upande wa kushoto na maji yanapita kulia, kwa sababu fundi alikuja siku ya jua akatazama kwa macho. Tazama maji yanaingilia wapi kutoka kwa jirani wa juu, yanajikusanya wapi, yanatokea wapi. Piga picha kila kona. Dakika 20 za namna hiyo zina faida kuliko ramani yoyote nitakayokuchorea nikiwa huku.

Anza na bati, kwa sababu maji ya juu ndiyo rahisi kuyakamata. Weka gata (mifereji ya ukingoni mwa paa) pande zote, si upande wa mbele tu wa kupendeza, na tanki la lita 5,000 kwenye jukwaa imara. Lita 5,000 za maji ni tani tano, kwa hiyo jukwaa la tofali zilizopangwa kavu kavu halifai. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na mavi ya ndege. Iache ipite pembeni kwa bomba lenye mfuniko chini, ukishaona maji yanatoka meupe unafunga yaingie tankini.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tanki lililojaa halizuii chochote. Mtu anavuna maji kwa mvua mbili za mwanzo, tanki linajaa, analitunza kama mboni ya jicho, na katikati ya Aprili mvua yote inapita juu yake kwenda kwa jirani kama vile halipo. Dawa yake ni ndogo. Katikati ya urefu wa tanki toboa tundu dogo la milimita 12 hivi, ufunge bomba linaloelekea bustanini, na usiliwekee koki. Nusu ya chini ni akiba yako ya kufulia na kumwagilia. Nusu ya juu inajaa wakati wa mvua na kujimwaga yenyewe polepole, kwa saa tano au sita, muda ambao mtaro wa nje umeshapumua. Kesho yake ikinyesha tena una nafasi ya lita 2,500. Mafundi bomba watakucheka ("mama, unataka tanki lenye tundu?"). Waache wacheke, wewe wasimamie watoboe. Na weka wavu kwenye kila mdomo wa tanki, kwa ajili ya mbu. Hatujasahau homa ya dengi ya 2019.

Wazee wa pwani walikuwa na akili hii kabla yetu. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zilikuwa na jabia na mabirika ya kutunzia maji, na kwenye mabirika ya Lamu waliweka visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Sisi tumepata bomba, tukalitupa jabia, na sasa bomba likikauka hatuna vyote viwili.

Maji yanayozidi tanki yapeleke kwenye shimo la kunyonya. Hapa twende taratibu, kwa sababu shimo baya ni hatari kuliko kutokuwa na shimo. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana mwenye cheti kipya, nililichimba shimo la nyumba yangu mita moja na nusu kutoka msingi ili kuokoa bomba. Masika ya pili kona ya chumba cha watoto ikapasuka kutoka dirishani hadi chini. Mchanga chini ya msingi ulikuwa umelowa na kutitia. Kwa hiyo usikaribie msingi kwa chini ya mita tano. Kaa mbali vilevile na karo la choo, na mbali na ukuta wa mzee. Na usilichimbe kabisa pale kiwanja kinapovunjika kwenda bondeni, kwani udongo uliolowa kwenye ukingo huporomoka wote.

Kabla ya shimo kubwa chimba dogo la majaribio, upana wa sentimita 30 na kina cha mita moja. Lijaze maji, yaache yazame yote, kisha lijaze tena. Ni hiyo ya pili inayosema kweli; ya kwanza udongo mkavu hunywa kama mtu aliyefunga. Simamisha kijiti chenye alama, tazama maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakishuka tatu au zaidi, una udongo mzuri. Yakishuka chini ya moja, umekutana na mfinyanzi, usitupe hela yako hapo. Ongeza tanki badala yake. Vilima vya upande wenu vina tabia ya kubadilika: mchanga hapa, hatua 20 mbele udongo mzito. Jaribu sehemu mbili. Na msomaji wa Msasani, Mikocheni au Kigamboni anayechungulia jibu hili asichimbe kabla ya kujua maji ya ardhini yako wapi. Katika baadhi ya maeneo hayo, masika ukichimba mita moja unakuta maji yameshakutangulia, na shimo lililojaa kutoka chini halinyonyi kitu.

Ukubwa nao una hila yake. Watu huchimba shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina mita 2, wakaambiwa lina lita 4,500. Kisha wanalijaza mawe mpaka juu. Mawe hayanywi maji. Yanayobaki kwa maji ni mapengo baina ya mawe, na hayo hayazidi sana asilimia 40. Umebaki na lita 1,800. Ukilijengea kuta za tofali zenye nafasi bila udongo wa kuungia, ukaacha katikati tupu, ukafunika kwa jamvi la zege lenye nondo na mfuniko wa kufungulia, unapata sehemu kubwa ya lita zile. Gharama inaongezeka, lakini nafasi inaongezeka sana. Jamvi lisifanyiwe uchoyo wa nondo, watoto watacheza juu yake.

Kabla ya maji kuingia shimoni yapitishe kwenye chemba ndogo ya kutegea mchanga, ukubwa wa ndoo mbili, bomba la kutokea likiwa juu ya sakafu yake kwa sentimita 20 au zaidi. Majani na mchanga vitabaki humo. Kila baada ya mvua kubwa mtu aizoe kwa kopo. Shimo lisilo na chemba huziba kwa misimu michache, na kulizibua ni kulichimba upya.

Turudi kwenye pevingi, kwa sababu ndiyo iliyoanzisha ugomvi. Sikuambii uing'oe yote. Gari linahitaji njia mbili za matairi, na wewe unahitaji njia ya kwenda jikoni na kwenye kamba ya nguo. Mengine yote ni mapambo. Ng'oa ukanda wa upana wa mita moja na nusu kwa urefu wote wa upande wa chini, kando ya ukuta wa mbele, na vitofali utakavyotoa uza au tengeneza njia ya bustanini. Ukanda ule uchimbe ushuke sentimita 20 chini ya pevingi. Chini kabisa weka kokoto, juu mchanga uliochanganywa na udongo na samadi, kisha panda vitu vinavyovumilia kulowa na kukauka: ukoka, migomba, mchaichai, au nyasi za vetiva. Tazama bustani za nyumba nyingi utaona kinyume chake, zimeinuliwa na kuzungushiwa ukingo wa zege kama sinia, maji yanazipita pembeni, halafu jioni mwenyewe anazimwagilia kwa mpira. Bustani yako iwe bakuli. Maji yakisimama humo siku moja, mbili, si neno. Yakifika siku ya tatu udongo hauvuti, ongeza mchanga au toboa njia ya kutokea, usije ukafuga mbu.

Kwa pevingi utakayobakiza, kama fundi alijaza sementi kwenye viungo vyake, alikukosea. Vikwangue, ujaze mchanga mkavu, na maji kiasi yatazama humo.

Halafu kuna hapo getini. Sijapaona, lakini nitakisia: umepita juu ya mtaro wa barabara kwa bomba la inchi sita na zege juu yake. Karibu kila geti la Dar es Salaam liko hivyo, na ndipo mitaro inapofia. Chupa mbili na tawi moja la mwarobaini vinatosha kuziba bomba hilo, maji yanapanda barabarani, yanaingia kwa mwingine. Livunje. Weka vipande vya jamvi vinavyonyanyuliwa na watu wawili, vifunike mtaro kwa upana wake wote, ili ukitaka kusafisha unafungua. Hii ni kazi ya siku mbili na huenda ikamfaa mzee kuliko yote niliyosema juu.

Usafi wenyewe una kosa moja ninaloliona kila mwaka. Watu wanatoka Jumamosi na machepe, wanazoa tope na takataka, wanapiga picha, wanaacha rundo kwenye ukingo wa mtaro. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Kama hamna gari la kubebea, msizoe siku hiyo. Ahirisheni mpaka lipatikane. Wakati wake ni Septemba kabla ya vuli na Februari kabla ya masika.

La choo nitalisema kwa ufupi kwa kuwa najua si kosa lako, ila mtaani lipo: maji ya paa yasiingizwe kwenye karo la choo hata kwa siku moja, kwani litafurika. Na wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo wanawapelekea kipindupindu watu wa Vingunguti na Kigogo. Ukimjua anayefanya, mwambie mjumbe.

Kuhusu ukuta wa mzee. Usikubali ujengwe upya kama ulivyokuwa. Ukuta wa tofali usio na matundu ya kupumulia, ukisimama kwenye mteremko, unageuka bwawa bila wewe kujua. Maji na tope vinausukuma kwa nyuma hadi uanguke, na kuna watu wamelala chini ya kuta za namna hiyo wasiamke. Sehemu ya chini iwe na vipande vya bomba la inchi mbili kila mita moja na nusu, nyuma yake kokoto, na maji yanayotoka yaingie kwenye mfereji mmoja unaopita mpakani hadi mtaroni. Mfereji huo uwe wa nyumba zote mbili, mchangie nusu kwa nusu. Ningekuwa wewe, ukuta ningelipia sehemu kubwa, na ningekwenda mwenyewe kumwamkia mzee jioni, bila mwenyekiti, nimebeba zile picha za mvua. Mtaro wa pamoja haujengwi na watu wanaoshitakiana. Mwite na jirani yako wa juu pia, maana mengine ya maji hayo si yako, ni yake. Akianza kukataa, mwoneshe ile hesabu ya lita kwa bati lake.

Na usimwahidi mzee makubwa. Mvua kama ya Desemba 2011 itashinda tanki lako, shimo lako na bustani yako, na hapo hakuna wa kulaumiana. Tunachokikamata ni mvua za kila siku, za milimita 20 au 30, zile zinazokuja mara nyingi kila msimu na kuchimba korongo kidogo kidogo mpaka siku ukuta unakwenda.

Kwa mpangilio wa hela: vuli iko karibu, kwa hiyo mwezi huu fanya geti na ukanda wa pevingi, ambavyo vinahitaji vibarua zaidi ya vifaa. Gata na tanki vifuate, shimo la kunyonya mwisho, ukishajua udongo unasemaje. Chimba lile dogo la majaribio wiki hii kabla ardhi haijalowa, kisha niandikie maji yameshuka sentimita ngapi kwa saa katika kujaza mara ya pili, na umbali kutoka msingi hadi karo. Nikivipata hivyo viwili nitakukokotolea kina cha shimo kubwa na idadi ya tofali.